Nani anamlipa anayejaza viriba?

Kazi yangu ni bustani. Nina kitalu cha miche Nzuguni, hapa Dodoma, na kikosi kidogo cha watu wanaopanda ukoka, kupogoa maua na kumwagilia kwenye nyumba za watu na maofisini. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, na zaidi baada ya mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, kazi imekuwa nyingi kuliko mikono ya kuifanya. Kila nyumba inayoisha Ilazo, Kisasa au Iyumbu inataka miashoki getini na nyasi mbele ya baraza. Nawaandikia wenzangu wenye biashara ndogo kama yangu, kwa sababu nimepita kwenye jambo ambalo hakuna aliyenielekeza, la kukagua kama yupo anayetumikishwa kwa shuruti kwangu au kwa wanaoniuzia, likanigharimu fedha, wateja na usingizi, na sioni kwa nini mwingine alianze upya bila kujua lolote.

Lilianza na fomu. Shirika moja la nje lenye ofisi hapa jijini lilitaka tuitunze bustani yake kwa mwaka mzima. Pamoja na mkataba wakaleta karatasi za maswali: biashara yako inafanya nini kuzuia utumwa wa kisasa? Na wanaokuuzia bidhaa je? Nilikaa nazo muda mrefu. Utumwa nilioujua ni ule tuliofundishwa shuleni, wa minyororo na misafara iliyokatiza hapa hapa Ugogo ikishuka pwani hadi Bagamoyo. Ofisa wao akanieleza kwamba kwao Uingereza ipo sheria ya mwaka 2015 inayozitaka kampuni zenye mapato ya kuanzia pauni milioni 36 kwa mwaka kutoa taarifa, kila mwaka, ya namna zinavyohakikisha hakuna utumwa katika shughuli zao na za wanaowauzia. Mtu mwenye kitalu Nzuguni sheria ile haimgusi. Ila wakubwa wakiulizwa huko juu, nao wanatuuliza sisi wa chini.

Ningeweza kuandika "hakuna" na kutia saini. Najua wanaofanya hivyo, na sitawalaumu, kwa sababu fomu yenyewe haikufundishi pa kuangalia. Mimi nilianza kwa kusoma sheria zetu, na nilikuta hatuhitaji ya Uingereza kutuambia. Katiba yetu, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaikataza pia, na inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kisha ipo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, ambayo kabla ya hapo nilidhani ni ya watu wanaopelekwa Uarabuni tu. Kumbe mtu anaweza kusafirishwa kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini kwa basi la mchana, akiwa na tiketi yake, na bado ikawa ni kosa lile lile, kama alidanganywa ili akatumikishwe.

Shirika la Kazi Duniani lina orodha ya dalili 11 za kazi ya shuruti. Nilizipitia taratibu: kudanganywa kuhusu kazi, kunyang'anywa vitambulisho, kuzuiliwa ujira, kufungwa na deni lisiloisha, kutishwa, kutengwa na watu, kuzuiwa kutoka, na nyinginezo. Minyororo haimo. Kuna dalili ambazo, niliposoma, uso wa mtu fulani ulinijia pale pale.

Hapo nikachukua kaunta buku nikaandika kila kinachoingia kwenye bustani ninayoijenga. Miche. Viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche. Samadi. Udongo. Mawe na kokoto za njia. Ukoka. Maji ya boza siku ambayo ya DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, hayatoki. Vibarua wa kuchimba mashimo. Mbele ya kila kitu nikajiuliza maswali matatu: mimi namlipa nani? Aliyeitolea jasho ni nani? Na huyo aliyeitolea jasho, akitaka kuondoka kesho asubuhi, anaondoka na pesa yake mkononi? Safu ya kwanza niliijaza yote. Ya pili ikawa na mapengo mengi. Ya tatu ilibaki karibu tupu. Kama utachukua kitu kimoja tu hapa, chukua safu hizo tatu, maana kila tatizo nililolikuta baadaye lilikuwa kwenye mstari ambao nilimlipa mtu mmoja kwa jasho la wengi.

Nilianza na la nyumbani kwangu. Mvua za huku ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na muda wa kupanda ndio huo. Vibarua wa msimu alikuwa akiniletea msimamizi mmoja, mtu mpole, mchapakazi, anayejua kupanga watu. Ijumaa namkabidhi fungu zima, anagawa yeye. Nikamwomba daftari lake la malipo. Alinipa pale pale, bila wasiwasi wowote.

Kila kijana alikuwa na ukurasa wake. Mstari wa kwanza ni nauli ya kutoka kijijini. Halafu unga, maharage, vocha, Panadol, gambuti, mpini wa jembe uliovunjika. Upande wa kulia, siku alizofanya kazi. Kijana mmoja wa Mpwapwa alikuja na deni la nauli la shilingi 15,000. Msimu ulipofika katikati, anadaiwa 94,000. Kilo ya unga ilikuwa imeandikwa kwa bei ya juu kuliko ya duka lililokuwa jirani na walipolala, na gambuti zilikuwa ni zile nilizozinunua mimi kwa ajili ya kazi. Nikauliza vitambulisho vyao viko wapi. Akafungua begi, akatoa mfuko wa nailoni wenye kadi za NIDA, za mpiga kura na laini za simu. "Nawatunzia, mama. Hawa wanapoteza."

Sikumjibu kitu siku ile. Nilirudi ndani nikaketi, na hasira niliyokuwa nayo ilichanganyika na hofu, maana pesa iliyowafunga wale vijana ilikuwa imetoka mkononi mwangu.

Kesho yake nilizungumza na kila mmoja peke yake, tukiwa tunafanya kazi, msimamizi akiwa nimemtuma mjini kununua mipira ya maji. Hili ni muhimu: ukiwauliza mbele ya anayewashika, watakujibu wako vizuri. Na usiulize "unanyanyaswa?" Uliza mara ya mwisho ametuma lini pesa nyumbani. Uliza akiugua leo nani anamwamulia kwenda zahanati. Yule wa Mpwapwa aliniambia anataka kurudi kwao kusaidia palizi lakini anaogopa, kwa sababu msimamizi anapajua kwa baba yake na ameshasema atakwenda kuchukua mbuzi.

Nilikwenda kwa afisa kazi kabla ya kuchukua hatua, na nashauri mtu yeyote afanye hivyo. Huduma ile hailipiwi, na hakwenda kunifungia biashara kama nilivyokuwa nikitishwa na watu. Alinionyesha kwamba mwajiri hawezi kukata ujira wa mtu anavyotaka. Deni likatwe kama mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi, na kama ni kitu alichoharibu, apewe kwanza nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Alinikumbusha pia yale ambayo sisi wa bustani tunayaruka: saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Kila wiki mtu apate saa 24 za kupumzika mfululizo. Kibarua kulipwa kwa siku hakumwondolei haki ya kuwa binadamu aliyechoka.

Kadi zilirudi kwa wenyewe, mkononi, siku moja. Nauli nikaihesabu kuwa gharama yangu ya msimu, kama ninavyohesabu mbolea. Chakula cha mchana tukakubaliana na mama ntilie anayepika karibu na kitalu, namlipa mimi. Ujira ukaanza kwenda kwa kila mtu kwa simu yake, au taslimu na saini. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba mbele ya mwenzake anayejua kusoma. Kila kibarua ana nusu karatasi yenye jina, umri, simu ya ndugu, kazi, ujira wa siku na siku ya malipo. Nakala moja kwangu, nyingine kwake.

Msimamizi aliondoka wiki ile ile, na baadhi ya vijana wakamfuata, kwa sababu walishaamini kwamba bado wanadaiwa. Hilo linaniuma hadi leo kuliko hasara. Hasara nayo ilikuwepo: kazi moja ya Mtumba ilisimama mashimo yakiwa wazi, mvua zikayajaza, mwenye kazi akatafuta watu wengine. Kwa hiyo anayetaka kubadili utaratibu wa malipo aufanye kabla ya msimu, Oktoba au Novemba, akiwa ameshapata njia nyingine ya kuwafikia vibarua. Mimi sasa nawapata kupitia wenyeviti wa mitaa na vijana wenyewe kuitana. Nikimhitaji mtu wa kuniletea watu, namlipa mimi ada yake, na hagusi ujira wa mtu.

Kwenye mawe mambo yalikuwa ya namna nyingine. Dodoma mawe hayatafutwi mbali, vilima vimetuzunguka, na wanawake wengi wanaishi kwa kugonga kokoto na kuziuza kwa ndoo. Mimi nilikuwa nanunua kwa mwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kwa tripu. Nilipokwenda mwenyewe nikakuta wanawake wameketi kila mmoja na rundo lake, na pembeni yao watoto wenye nyundo ndogo, siku ya shule, bila kitu cha kukinga macho na vipande vinavyoruka. Sitaki kuwaita wale akina mama watumwa wala wanaotumikisha. Ni wazazi wenye njaa. Ila kazi ile ni ya hatari, na sheria haimruhusu yeyote wa chini ya miaka 18 kuifanya. Niligundua vilevile kwamba bei ya ndoo waliyokuwa wanapewa ilikuwa sehemu ndogo sana ya niliyokuwa natoa mimi kwa tripu.

Wengine watakwambia acha kununua pale, umalize. Nilifikiria hivyo. Lakini nikiacha, watamuuzia mwingine kwa bei ya chini zaidi, na mtoto atagonga zaidi ili debe la mahindi lipatikane. Nilichofanya ni kununua moja kwa moja kwa kikundi cha wanawake kumi na kitu, kwa bei ya juu kidogo, kwa sharti kwamba saa za shule hakuna mtoto kwenye mawe. Mwenye kirikuu namlipa usafiri tu. Siwezi kusema limekwisha. Jumamosi nikipita bado naona watoto, na mwenyekiti wa kikundi ananiambia ukweli bila kunipamba, jambo ambalo naliheshimu kuliko ahadi.

Sasa kitalu. Miche ninayouza haioti yote kwangu. Ashoki na bogenvilia nyingi nilikuwa nachukua kwa mtu mwenye kitalu kikubwa nje ya jiji, kwa bei ambayo sikuwahi kujiuliza inawezekanaje. Nilifika bila kutoa taarifa. Chini ya kivuli cha neti alikuwepo mtoto anajaza viriba. Anashika kiriba, anamimina udongo kwa kikopo, anakigonga chini mara mbili udongo ushuke, anaongeza, anapanga, anachukua kingine. Vidole vimepasuka, udongo umeingia kwenye nyufa. Nilichuchumaa nikajaza naye.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Chemba."

"Unasoma?"

"Mjomba alisema nitaanza Januari."

Ilikuwa Mei. Hakuwa mjomba wake. Alikuwa analala kwenye stoo pamoja na madumu ya dawa za wadudu na pampu za kupulizia. Pesa yake "anawekewa". Mama yake hajazungumza naye tangu alipoondoka. Alisema ana miaka 13.

Mwenye kitalu aliponikuta pale hakubabaika. Alisema kwao hakuna chakula, mvua ziliwakatikia, na yeye amemchukua amsaidie. Hapa ndipo sisi wenyewe tunapojichanganya, na ndiyo sababu nakaa hapa kidogo. Kumchukua mtoto wa ndugu ni jambo letu, na wengi tulilelewa hivyo. Mimi nimesoma nikiishi kwa shangazi, nikachota maji na kuosha vyombo. Lakini shangazi alinipeleka shule, Pasaka nilikwenda kwa mama, na nikiumwa alikesha nami. Mtoto anayesaidiwa anakwenda shule na kuongea na mama yake. Analala wanapolala watoto wengine wa nyumba. Akitaka kurudi kwao, anarudishwa. Yakikosekana hayo, na kilichobaki ni kazi, neno "msaada" halibadilishi kitu. Sheria ya 2008 iko wazi hapo: aliyesafirishwa akiwa mtoto, hata kama yeye au mzazi wake alikubali, kukubali huko si utetezi.

Nilitamani kupaza sauti. Nilijizuia kwa sababu ya yaliyompata mwenzangu mwenye bustani upande wa Makutupora. Yeye alimfokea mwenye mali papo hapo. Aliporudi na watu, watoto hawakuwepo tena na hakuna aliyesema wamepelekwa wapi. Basi nililipia miche niliyoifuata, nikaaga kama kawaida. Sikupiga picha ya mtoto. Nikiwa barabarani nikapiga 116, namba ya simu ya watoto, ambayo ni bure kwa mitandao yote, kisha nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kama hilo lisingewezekana, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi lingekuwa njia nyingine. Nilieleza nilichokiona na kukisikia tu: mahali, saa, umri alioutaja, anapolala, alichosema kuhusu shule. Dhana zangu nilibaki nazo. Mkifika kwa maafisa na maneno ya "nadhani", kazi yao inakuwa ngumu, na mkosaji anapata pa kutokea.

Siku za kusubiri zilikuwa ndefu. Niliogopa kwamba nimemharibia mtoto hata kile kidogo alichokuwa nacho. Hatimaye maafisa walikwenda, na mtoto akarudishwa kwa bibi yake. Shule ya kijijini ikampokea. Ada hakuna, lakini sare, viatu na madaftari vipo, na hivyo nimevibeba, kwa kupitia ustawi wa jamii na si kwa kumpelekea bibi fedha mwenyewe, kwa sababu familia ile haipaswi kujiona inadaiwa na mimi pia. Suala la mwenye kitalu liko kwa wanaohusika, siliandiki hapa. Baadhi ya wauza miche wananiita mchongezi. Miche sasa nainunua ghali zaidi, na nimeongeza bei kwa mita ya mraba. Wateja wawili watatu waliniacha kwa sababu hiyo, na nimewaacha waende.

Nikarudi kwenye ile fomu. Sikuandika "hakuna". Niliandika nilichokikuta, nilichobadilisha, na nisichokijua bado. Niliandika pia jambo ambalo hawakuniuliza: mkataba wao ulisema watanilipa ndani ya siku 60. Mimi nikisubiri siku 60, mwenye kokoto anasubiri nami, mwenye miche anasubiri, na mwisho wa mnyororo huo yupo mtu ambaye hawezi kuondoka kwa sababu anadai ujira wa miezi miwili. Msimamizi wangu wa zamani alianza kuwakopesha vijana unga msimu ambao mimi mwenyewe nilikuwa sijalipwa na mkandarasi. Ujira unaocheleweshwa ndio unaozaa deni. Nilidhani watanitupa. Waliniita tukazungumza, wakakubali kulipa ndani ya siku 14 na kutanguliza sehemu ya gharama za kila mwezi. Si kila mteja atakubali, na wakandarasi wengi hawakubali, lakini liombeni, kwa maandishi, mkiwa bado hamjasaini. Mteja akileta fomu ya utumwa, hapo ndipo pa kuliweka mezani.

Kwa wanaoniuzia nina karatasi moja ya Kiswahili, ukurasa mmoja, ninayoisoma kwa sauti kabla ya kusaini kwa sababu wengine hawasomi na wanaona aibu kusema. Inasema hakuna wa chini ya miaka 18 kwenye dawa, mawe na mizigo mizito. Hakuna anayeshikiliwa kitambulisho wala simu. Kila mtu analipwa mwenyewe, angalau kila wiki mbili. Nitafika bila taarifa na nitazungumza na wafanyakazi peke yao. Na inasema wajibu wangu: kulipa kwa wakati, na kutomkimbia anayeniambia ana tatizo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyofanya watu waanze kunieleza mambo. Muuzaji akijua utamkata siku ile ile, atakuficha.

Samadi bado sijaimaliza. Nainunua kwenye mazizi ya upande wa Bahi, kwa lori, na wanaochunga ng'ombe wale wengi ni vijana wadogo wanaolipwa mifugo badala ya fedha. Mwenye zizi mmoja ameniambia kijana wake anapata ndama mmoja kwa mwaka. Nimemuuliza ndama wa mwaka jana yuko zizi la nani, na anaandikwa jina la nani. Mtendaji wa kijiji amekubali tuongozane huko baada ya mavuno. Mpaka hapo nachukua samadi ya kuku kwa mfugaji wa Veyula ambaye namfahamu yeye na wafanyakazi wake, ingawa ni ghali na inabidi niiache ioze kwanza kabla ya kuiweka kwenye mashimo.